Una mimba na unameza dawa za sonona? Usizitupe chooni kwanza

Tuseme ni wewe. Jumanne usiku, uko kwa keja yako Witeithie, stima zimepotea na kurudi mara mbili. Mezani kuna kile kijiti cha kupima mimba ulichonunua kemisti ukitoka steji, na kimeonyesha mistari miwili. Kando yake kuna pakiti ya tembe ambazo umekuwa ukimeza kila asubuhi tangu mwaka jana, zile ulizoandikiwa na daktari baada ya ule muhula ambao ulishindwa hata kutoka kitandani kwenda kuoga.

Unafanya kile ambacho sote tungefanya. Unatoa simu. Video ya kwanza, mwanamke wa Marekani mwenye meno meupe pepepe anakuambia unamlisha mtoto sumu. Ya pili inasema dawa hizo hazina shida yoyote, we meza tu. Kwenye kundi la WhatsApp la wasichana mliosoma pamoja unauliza kwa ujanja, "kuna rafiki yangu fulani", na mmoja anajibu kwamba binamuye alimeza dawa za kichwa na mtoto akazaliwa hivi hivi. Hivi hivi vipi? Haelezi. Ikifika saa saba usiku umeshaamua: pakiti inaenda chooni, na kesho utakuwa mtu mpya.

Ngoja kidogo. Makala haya yameandikwa kwa sababu ya hiyo saa saba usiku.

Mimi si daktari, na hakuna sentensi hapa inayoweza kuchukua nafasi ya mtu aliyekupima. Lakini kuna mambo yanayojulikana kuhusu dawa hizi na mimba, yamehesabiwa na kuandikwa, na ni haki yako kuyajua kabla hujamwaga maji.

Kwanza hilo jina. Vitabuni, na kwa ndugu zetu Watanzania, ugonjwa huu huitwa sonona. Hapa kwetu redio husema msongo wa mawazo, mtaani tunasema stresi, na wengi wetu hatusemi lolote. Tunakosea tukiviweka kapu moja. Stresi ni tarehe tano kufika, keateka anabisha mlango, na M-Pesa ina shilingi kumi na saba. Ukilipa kodi, unapumua. Sonona haiishi kwa kulipa deni. Ni wiki mbili na zaidi za moyo mzito kila siku, hamu ya chakula na ya watu imekatika, usingizi umeharibika, na sauti fulani ndani yako inayosema kwamba ukikosekana hakuna atakayegutuka.

Na mimba haimkingi mtu nayo, ingawa kila tangazo la nepi linaonyesha mama anayecheka. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema katika nchi zinazoendelea asilimia 15.6 ya wajawazito hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua idadi hupanda hadi asilimia 19.8. Kwa hesabu ya kliniki: kwenye benchi lenye wajawazito kumi na wawili, wawili hivi wanapitia haya. Huenda wanatabasamu pia.

Sasa dawa zenyewe. Zinazoandikwa sana siku hizi ni za kundi linaloitwa SSRI, ambalo hufanya kazi kwenye serotonini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo. Fluoksetini ndiyo maarufu zaidi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa jina la Prozac. Kuna sertralini, sitalopramu, esitalopramu na paroksetini. Kwenye hospitali za umma unaweza pia kupewa amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ambayo huandikiwa hata watu wenye kipandauso au maumivu ya neva. Shika hayo majina. Swali "je, dawa za sonona ni salama kwa mimba?" halina jibu moja. Swali lenye jibu ni hili: dawa gani, kipimo gani, mimba ya miezi mingapi, na wewe unaumwa kiasi gani usipoimeza?

Hofu yako lakini si ya kijinga, na wauguzi wanaokucheka ukiuliza wanakosea. Kuanzia mwaka 1957 dawa iitwayo talidomaidi iliuzwa Ujerumani Magharibi kutuliza watu na kuwapa usingizi, na wajawazito wakaitumia dhidi ya kichefuchefu cha asubuhi. Ilipoondolewa madukani mwaka 1961, inakadiriwa watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu iliyodumaa. Ulimwengu haujasahau. Tangu hapo ni nadra sana wajawazito kuingizwa kwenye majaribio ya dawa mpya, na kikaratasi kile kirefu ndani ya pakiti kikaanza kuandikwa kwa lugha ya wakili: wasiliana na daktari, faida dhidi ya hatari, na kadhalika. Unakisoma chote na hujui bado umeze au usimeze.

Kwa kuwa majaribio hayafanywi, tunachojua kimetoka kwa njia nyingine: wanawake ambao tayari walikuwa wanazitumia, kisha wakashika mimba. Nchi zenye kumbukumbu nzuri, kama Uswidi ambayo imeweka daftari la kitaifa la uzazi tangu 1973, zinaweza kufungua rekodi na kuhesabu. Takwimu za Afrika kwenye jambo hili ni chache mno. Tunaazima hesabu za wengine, na hilo linaniudhi, lakini ndizo zilizopo.

Anza na kitu ambacho hakuna anayekuambia. Chukua mathree ya abiria 33, zile za Thika Road, uijaze watoto wachanga watupu. Kwa hesabu za Marekani, mmoja wao amezaliwa na kasoro fulani ya kimaumbile, hata kama mama zao wote hawakumeza hata panado. Hiyo ndiyo hatari ya kawaida ya kuzaliwa binadamu. Kwa hivyo ukisikia kwamba fulani alimeza dawa na mtoto akapata shida, hujasikia kitu bado. Swali ni kama watoto kama hao wameongezeka kwenye hiyo mathree, na wameongezeka kwa wangapi.

Mwaka 2014, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Krista Huybrechts, uliofuatilia mimba 949,504 za wanawake wa Marekani wa kipato cha chini. Kati yao 64,389 walikuwa wametumia dawa za sonona katika miezi mitatu ya kwanza, ule wakati moyo wa mtoto unaumbika. Kwa ambao hawakutumia, watoto 72 katika kila 10,000 walizaliwa na kasoro ya moyo. Kwa waliotumia, 90.

Ukiishia hapo, unatupa pakiti. Watengenezaji wa video huishia hapo. Lakini watafiti waliendelea. Mtu anayemeza dawa za sonona si sawa na asiyemeza, hata kabla ya tembe ya kwanza: anaumwa sonona, mara nyingi ana magonjwa mengine na dawa nyingine, pengine anavuta sigara. Walipolinganisha wenye sonona kwa wenye sonona, na kuyazingatia hayo mengine, ile tofauti ilikaribia kuisha. Wewe unaishi Witeithie, utaelewa haraka. Kila msimu wa mvua ukiona gambuti nyingi, kuna matope mengi. Ukihitimisha kwamba gambuti ndizo huleta matope, utachekwa hadi Juja.

Je, basi hakuna hatari hata kidogo? Ipo, na atakayekuambia haipo anakudanganya pia.

Paroksetini ndiyo iliyotiliwa shaka zaidi. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuihusu na kasoro za moyo. Utafiti ule wa 2014 haukuthibitisha hofu hiyo, lakini madaktari wengi bado hawapendi kumwanzishia mjamzito dawa hiyo wakati zipo nyingine. Kama ndiyo unayomeza, hilo ni jambo la kuzungumzwa mapema, ikiwezekana kabla hata hujashika mimba.

Kuna pia shida ya nadra ya mapafu, ambapo mishipa ya damu ya mtoto mchanga haifunguki vizuri baada ya kuzaliwa. Ni hatari. Utafiti wa mwaka 2015 ulikuta takriban watoto 21 katika kila 10,000 kwa mama wasiotumia, na 31 kwa waliotumia SSRI mwishoni mwa mimba. Tazama namba zote mbili kwa pamoja. Ukiambiwa tu kwamba hatari imepanda kwa nusu utalia; ukiambiwa imetoka watoto wawili hadi watatu katika kila elfu, utauliza maswali ya maana.

Kitu ambacho kina uwezekano mkubwa zaidi wa kukupata ni hiki, na ndicho watu hawakitaji: karibu watoto 30 katika kila 100 ambao mama zao walitumia dawa hizi hadi mwisho wa mimba huzaliwa wakiwa na utulivu mdogo. Wanatetemeka, wanalia kwa sauti kali, wanapumua haraka au wanasumbua kunyonya. Kwa kawaida huisha baada ya siku chache hadi wiki mbili. Hii ndiyo sababu moja ya kutoficha. Mkunga akijua unatumia nini, atamwangalia mtoto kwa utulivu. Asipojua, atadhani ni maambukizi, na mtoto ataanza kudungwa sindano ambazo huenda hakuzihitaji. Vilevile mwambie kwa sababu SSRI zinaweza kuongeza kidogo uwezekano wa kuvuja damu baada ya kujifungua. Ni ongezeko dogo, lakini wadi inataka kulijua kabla, si baada.

Na usonji? Mwaka 2015 utafiti mmoja kutoka Kanada ulifika kwenye vichwa vya habari kote duniani ukidai dawa hizi huongeza sana uwezekano wa mtoto kuwa na usonji. Miaka miwili baadaye, tafiti nyingine, mojawapo ya Uswidi, zilifanya kitu cha akili: zililinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja mama alipomzaa alikuwa anameza, mwingine hakuwa anameza. Nyumba ile ile, damu ile ile. Tofauti haikuonekana. Habari hiyo ya pili haikusambaa sana. Habari njema huwa hazina bando.

Mjadala wenyewe haujaisha. Julai 2025 FDA iliitisha jopo la kujadili SSRI na mimba, na wengi wa waliozungumza walikuwa wenye kuzitilia shaka. Chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani, ACOG, kililalamika waziwazi kwamba jopo liliegemea upande mmoja. Mwongozo wa chama hicho wa mwaka 2023 unasema dawa za afya ya akili zisiachishwe kwa sababu tu mwanamke ni mjamzito. Baadhi ya video zinazokufikia kwenye simu huenda zilikatwa kutoka kwa jopo hilo. Zimekatwa, nakumbusha.

Sasa upande wa pili wa mizani, ule ambao hauna kikaratasi kwenye pakiti.

Sonona yenyewe hupita kwa mtoto. Mwanamke aliyezama ndani yake hali vizuri, halali, anakosa kliniki, na wengine huanza kunywa pombe ili walale. Sonona isiyotibiwa imehusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati na wakiwa na uzani mdogo, na ndiyo njia fupi zaidi ya kufika kwenye sonona ya baada ya kujifungua, wakati kuna mtoto analia na nguvu zimekwisha. Na kuna wanawake ambao hawafiki huko. Wanajiua. Nalisema bila kuzunguka kwa sababu pale saa saba usiku unapolinganisha "dawa" na "bila dawa", hesabu yako inachukulia kwamba "bila dawa" ni sawa na "bila hatari". Kwa baadhi ya watu ni sawa. Kwa wengine sivyo kabisa.

Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2006 ulifuatilia wajawazito 201 ambao walikuwa wamepona sonona kali wakiwa kwenye dawa. Kati ya walioacha, asilimia 68 walirudiwa na ugonjwa kabla ya kujifungua. Kati ya walioendelea, asilimia 26. Kuwa mkweli na namba hizo pia: walikuwa watu wenye sonona nzito, wanaotibiwa kwenye vituo vya wataalamu. Utafiti mwingine wa mwaka 2011, kwa wanawake wa kawaida zaidi, haukuona pengo kama hilo. Ndiyo maana historia yako ina uzito kuliko ya binamuye yule wa WhatsApp. Kama ulipata sonona nyepesi mara moja na uko sawa kwa muda mrefu, huenda daktari akakupunguzia pole pole na mkaangalia. Kama uliwahi kulazwa, au uliwahi kujaribu kujiua, au kila ulipoacha ulianguka tena, mazungumzo yanakuwa mengine.

Nimesema pole pole. Ukikata dawa hizi ghafla, mwili unalalamika: kizunguzungu, kichefuchefu, wasiwasi, usingizi wa ndoto mbaya, hisia kama za umeme unaopita kichwani. Paroksetini ni sugu kwa hilo. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu kwa hivyo hushuka taratibu zaidi. Sasa fikiria unayapata hayo wiki ya sita ya mimba. Utasema ni mimba. Mama yako atasema ni mimba. Wiki mbili baadaye sonona ikirudi kwa mlango wa nyuma, kila mtu bado atasema ni mimba.

Kuna mtego mwingine, wa wenye nia njema: kujikatia kipimo. Unaamua kumeza nusu tembe ili mtoto apate nusu ya dawa. Ikiwa nusu haitoshi kukutibu, mtoto amepata vyote viwili, dawa na ugonjwa. Isitoshe, mimba ikikua damu yako huongezeka kwa karibu nusu, na wengine huhitaji kipimo kupandishwa miezi ya mwisho, si kushushwa. Na kubadilisha dawa inayokufaa eti kuna nyingine "safi zaidi" huenda kukamaanisha mtoto amepitia dawa mbili badala ya moja.

Lakini kuna dawa moja ambayo naomba uikague leo hii, kwa sababu watu huichanganya na hizi, zote zikiitwa tu "dawa za kichwa". Ni valproeti, ambayo wengi huijua kwa jina la Epilim. Hutumika kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Hii si kesi ya kubishana: takriban mtoto 1 kati ya 10 ambao mama zao waliimeza katika mimba huzaliwa na kasoro kubwa, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya kukua kiakili. Ukiwa nayo na uko na mimba, au unapanga kuipata, muone daktari upesi. Hata hii usiikate mwenyewe, maana degedege la ghafla linaweza kukuua wewe na mtoto.

Turudi nyumbani. Witeithie, kwa wale wasiojua Kikikuyu, ni kama kusema "jisaidie", na kila anayelitafsiri kwa Kiswahili mbele ya watu wa Pwani huishia kuchekwa kwa sababu zinazoeleweka. Ni mtaa wa watu waliokuja peke yao: wanafunzi waliokosa nyumba za bei karibu na JKUAT, vijana wa viwanda vya Thika, akina dada walioacha ocha na begi moja. Kujisaidia ndiyo sera. Una nguo zako, jiko lako la gesi, na siri zako. Ukishika mimba hapa, mara nyingi hakuna shangazi wa kukusoma uso asubuhi akajua hukulala.

Ukiingia mathree ya kwenda tao, utapita Mathari, hospitali ya kitaifa ya afya ya akili, iliyoanza mwaka 1910 kama hifadhi ya wale ambao serikali ya kikoloni iliwaita wendawazimu. Konda akitaja jina hilo, kuna yule abiria atakayemtania mwenzake kwamba amefika kwao. Sote tumecheka. Ni utani mdogo, lakini ndio unaokufanya useme "nina malaria" ukiulizwa hizo tembe ni za nini. Na ndio unaomfanya jamaa yako, hata kama ni mtu mzuri, azione akasema, "Babe, hizi si ni za wazimu?"

Sheria nayo ilichangia ukimya. Hadi juzi, kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hivyo mwanamke aliyemwambia muuguzi ukweli alijua anaweza kuishia kituo cha polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu hicho kinakiuka Katiba. Yaani unaweza kusema. Ile ripoti ya jopo la Dkt Frank Njenga la mwaka 2020 ilikuwa imependekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na sheria ya afya ya akili ikarekebishwa mwaka 2022. Karatasi zipo. Foleni pia ipo, tusidanganyane, na daktari wa magonjwa ya akili hapatikani kila zahanati.

Si lazima lakini uanzie kwake. Kliniki ya wajawazito yenyewe ndiyo mlango. Muuguzi anaweza kukuuliza maswali machache ya kupima hali yako na kukuandikia barua ya kwenda kwa wataalamu. Kwa wewe wa Witeithie hospitali kubwa iliyo karibu ni Thika Level 5. Ukiwa mwoga wa hospitali, kuna wahudumu wa afya ya jamii, wale zaidi ya 100,000 ambao serikali ilianza kuwapa vifaa na kuwatuma nyumba kwa nyumba Septemba 2023. Mmoja hupita mtaani kwenu. Si wa kukuandikia dawa, ila anajua wapi pa kukupeleka.

Na dawa si tiba pekee. Kwa sonona nyepesi au ya wastani, WHO inashauri wahudumu waanze na mazungumzo ya tiba, dawa zifuate ikiwa hayatoshi. Usidhani mazungumzo ni anasa ya watu wa Karen. Kule kusini mwa Uganda, Masaka na Rakai, watu wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi waliongoza vikundi vya wanakijiji wenye sonona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliohudhuria, wenye sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, ambao hawakuwa na vikundi walishuka kutoka 94 hadi 54.7 tu. Hawakuwa wajawazito hasa. Lakini vijijini Pakistan, ambako wahudumu wa afya walitembelea wajawazito wenye sonona nyumbani, miezi sita baada ya kujifungua ni asilimia 23 waliokuwa bado wanaumwa, dhidi ya 53 ya wenzao. Hapa kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi akiwemo Manasi Kumar wamekuwa wakijaribu vikundi kama hivyo kwa wasichana wajawazito Kariobangi na Kangemi, na Kariobangi si mbali na Thika Road.

Mama akikuambia uombe, omba, mshukuru. Maombi na tembe havijawahi kugombania nafasi tumboni. Akikuletea mitishamba ya kutuliza moyo, hapo mwambie kwa adabu, "Mami, acha kwanza nimuulize daktari," kwa sababu majani nayo ni dawa, tofauti ni kwamba hayana kikaratasi.

Wewe jamaa unayesoma hii kwa sababu umeona pakiti kwa dem wako: usizifiche wala usizihesabu. Mwulize anaendaje kliniki, na uende naye. Akianza kusikia sauti ambazo huzisikii, au asilale kabisa siku kadhaa baada ya kujifungua, au aseme mambo ya kumdhuru mtoto, hiyo si tabia wala si mapepo. Ni dharura ya hospitali, usiku huo huo.

Na wewe, kama mawazo ya kujiua yapo sasa hivi, usingoje kliniki. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali yoyote, au piga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, ni bure. Befrienders Kenya pia hupokea simu za watu walio katika hali hiyo. Ukiwa na tembe nyingi nyumbani, hasa amitriptilini ambayo ikizidi huathiri moyo vibaya, mpe mtu unayemwamini akuwekee.

Kama haupo huko, basi ni hivi. Rudisha pakiti mezani. Piga picha upande wenye jina dogo na miligramu, maana jina kubwa ni la kampuni. Andika kwenye simu: lini ulianza, ulikuwaje kabla, uliwahi kuacha na ikawaje, hedhi ya mwisho tarehe ngapi, na dawa nyingine zozote unazomeza. Ukifika, usiulize "ni salama?" Uliza "nikiendelea, hatari ni ipi kwa mtoto, na nikiacha, hatari ni ipi kwangu?" Akikujibu bila kukuuliza historia yako, iwe amesema acha au endelea, tafuta wa pili. Muulize pia kuhusu kunyonyesha mapema. Sertralini, kwa mfano, huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana.

Kliniki nyingi huanza kuita majina asubuhi na mapema, kwa hivyo weka kengele. Kijitabu cha mama na mtoto utapewa huko huko. Beba maji na kitu cha kutafuna, foleni ni refu.